Kinachotoka kushoto sikipati hata kimoja, tatizo ni mimi au bunduki?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhasibu huku Mufindi, nina miaka 34. Kuna mzee mmoja ana shamba, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi anakaribisha watu wachache kuvunja visahani vya udongo kwa shotigani, ana mashine tano za kurushia kando ya bonde. Nimeshaenda mara sita. Mchezo naupenda kuliko nilivyotegemea ila naaibika. Kwenye visahani 25 navunja vinne, siku nzuri vitano. Kinachotoka kulia kwenda kushoto nakipata mara moja moja, lakini kinachotoka kushoto kwenda kulia sijawahi kuvunja hata kimoja, yaani hata kimoja! Natumia mkono wa kulia. Nikirudi nyumbani mkono wa juu, chini kidogo ya bega, una alama ya bluu mpaka mume wangu anauliza kulikoni. Bunduki ni ya huyo mzee na yeye ni mrefu kama mlingoti. Mjomba wangu aliyekuwa anawinda kanga kwa gobore kule Ismani ananiambia nifumbe jicho la kushoto nilenge vizuri kwenye kile kishanga cha mbele, juu ya mdomo wa mtutu. Mwenzangu mmoja anasema niombe risasi nzito na choki iliyobana zaidi. Mwingine akasema wanawake ndivyo tulivyo, niridhike kupiga picha. Je ni kweli sina macho ya mchezo huu? Ninunue bunduki yangu inayonitosha? Au niache tu?"

Marahaba dada. Swali lako nimelisoma mara mbili na mara ya pili nikatabasamu, siyo kwamba nakucheka, ni kwamba jibu umeliandika mwenyewe katikati ya swali halafu ukalipita. Kinachokwenda kushoto unakipata. Kinachokwenda kulia hukipati hata kwa kubahatisha. Sasa mtu asiyejua kabisa anakosa huku na huku bila mpangilio, ila wewe unakosa kwa mpangilio, na mtu wa hivyo mimi nampenda sana maana tatizo lake lina jina. Nakuwekea dau la soda kwamba bega lako ni la kulia lakini jicho lako ni la kushoto.

Ngoja nieleze. Macho yote mawili yanaona, lakini ubongo ukitaka kujua kitu kiko upande gani hasa huwa unaliamini moja kuliko lingine, kama vile una mikono miwili ila kalamu inashikwa na mmoja. Watu wengi wanaotumia mkono wa kulia jicho lao linaloaminiwa pia ni la kulia, ila siyo wote, na wala siyo ugonjwa, unaweza kuzeeka nalo ukiendesha gari, ukishona, ukifunga mahesabu ya mwisho wa mwezi na usijue. Utajua siku utakayoweka shotigani begani. Maana shotigani haina saiti ya nyuma (ya kulengea) kama raifo, saiti ya nyuma ni jicho lako lenyewe, lile lililokaa juu ya mtutu. Wewe umelaza shavu la kulia kwenye kitako, jicho la kulia ndilo liko kwenye mstari, halafu ubongo unasema asante, mimi namsikiliza mwenzako wa kushoto. Jicho la kushoto linaona mdomo wa mtutu umefika kwenye kisahani, linasema tayari, piga. Kumbe mtutu wenyewe umeelekea kushoto.

Kwa kiasi gani? Wewe mhasibu, tupige hesabu. Kutoka mboni moja ya jicho mpaka nyingine ni sentimita 6 na kidogo. Kutoka jichoni mpaka mdomo wa mtutu ni kama mita moja. Kwa hiyo kila mita moja mbele ya mtutu unapotea sentimita 6 na kidogo, na kisahani kikiwa mita 30 umeshapotea karibu mita 1 na sentimita 80 kwenda kushoto. Wingu la marisau, vile vipunje vinavyotoka ndani ya risasi ya shotigani, kwa umbali huo, ile sehemu yake yenye nguvu, ni kama mita moja upana. Yaani siyo kwamba umekigusa pembeni, wingu lote limepita kando na kisahani hakijasikia kitu.

Sasa ongeza hesabu ya pili, hapa ndipo utamu ulipo. Kisahani cha kawaida kinaweza kwenda kilomita 70 kwa saa, ambayo ni mita 19 na kitu kwa sekunde. Marisau yanatoka kwenye mtutu kwa mwendo wa karibu mita 400 kwa sekunde ila yanachoka haraka kwa sababu ni vipunje, kufika mita 30 yanatumia kama sehemu ya kumi ya sekunde. Kwenye huo muda mdogo kisahani kimeshasogea karibu mita 2, urefu wa kitanda. Kwa hiyo kila kisahani kinachokatiza mbele yako kwa umbali huo kinataka upige kitanda kimoja mbele yake. Wewe, kama wageni wengi, unakipiga pale pale kilipo, maana akili inakataa kabisa kupiga hewa tupu.

Weka pamoja. Kisahani kinakwenda kushoto, wewe umekilenga chenyewe, jicho limekupeleka mita karibu 2 kushoto bila kukuuliza, na kushoto ndiko mbele yake, pa! kimevunjika na watu wanapiga makofi. Kisahani kinakwenda kulia, umekilenga chenyewe, tayari uko nyuma mita 2, halafu jicho linakuongezea nyingine karibu 2, uko nyuma mita 4 kasoro. Mita nne dada, hapo hata ungepewa mzinga usingekipata. Vile vinne vitano unavyovunja unavivunja kwa kosa lako, na vile unavyokosa unavikosa kwa kosa hilo hilo.

Ila mimi siyo mpiga ramli, nakujibu kwa maandishi sijakuona ukishika bunduki, kwa hiyo tupime kwanza. Chukua karatasi, toboa katikati tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Ishike kwa mikono yote miwili, nyoosha mikono, macho yote wazi, tazama kupitia tundu kitu kidogo kilicho mbali kama swichi ya taa ukutani. Sasa irudishe karatasi usoni taratibu bila kuipoteza ile swichi. Tundu litaishia kwenye jicho moja, lenyewe litakwenda, usilisaidie. Rudia mara tano. Baadaye simama mbali kidogo na mumeo, mnyooshee kidole haraka kwenye pua yake macho yote wazi, yeye ataona kidole chako kimekaa chini ya jicho gani. Kidole nasema, siyo bunduki, hata kama haina risasi, hata kwa utani.

Ikija kushoto mara tano, nimeshinda soda yangu. Ikija kulia mara tano, nimekosa, na hapo tatizo litakuwa mwili, kwa sababu mtu wa bega la kulia kuzunguka kwenda kulia ni kazi, kiuno kinabana, mkono wa kushoto inabidi usukume bunduki badala ya kuivuta, kitako kinaachana na shavu na mtutu unasimama njiani. Dawa yake ni miguu, panga miguu kuelekea pale utakapokivunjia kisahani, siyo pale kinapotokea, halafu jirudishe kiunoni ukisubiri. Ikija mara kulia mara kushoto, wapo watu wa hivyo, macho yao yanagombana hasa yakichoka, na hao inabidi waonekane na mtu ana kwa ana.

Tuje kwa mjomba. Mpe salamu zangu na usibishane naye maana kwa kanga wake yuko sahihi. Kanga wa Ismani amesimama chini anadonoa, gobore lina mlio mmoja halafu dakika nzima ya kushindilia, lazima ufumbe jicho na ulenge kama unatunga uzi kwenye sindano. Kisahani hakidonoi. Ukikitazama kishanga cha mbele, jicho linasimama kwenye kishanga, jicho likisimama mikono inasimama, mikono ikisimama mtutu umesimama na kisahani kinaendelea na safari. Hilo ndilo kosa namba moja la wote, wa jicho la kulia na wa jicho la kushoto, ndiyo maana karibu kila anayekosa kinachokatiza anakosa nyuma, mbele ni wachache sana.

Wewe umecheza rede ukiwa mdogo? Nina uhakika umecheza. Yule wa katikati akikimbia ulikuwa unafumba jicho moja? Ulikuwa unautazama mpira mkononi mwako? Ulikuwa unamtazama yeye, mkono unakwenda wenyewe, na mpira unautupa pale anapokwenda kufika siyo pale alipo, na mkono ulikuwa unaendelea kuzunguka hata baada ya mpira kutoka. Basi hiyo ndiyo shotigani, sina cha kuongeza kikubwa. Macho kwenye kisahani, tena siyo kisahani chote, tafuta ukingo wake wa mbele, mtutu uuone kwa pembeni tu kama unavyoona boneti ya gari ukiwa unaendesha. Anza mtutu ukiwa kati ya mashine na pale unapotaka kukivunjia, siyo kwenye mashine yenyewe maana utaachwa. Kikitoka ungana nacho, kipite, fyatua, na usisimame. Ukisimama kutazama kama kimevunjika, hakijavunjika.

Kuhusu jicho una njia tatu na kila moja ina bei yake, sitakudanganya.

Ya kwanza ni hiyo ya mjomba, kulifumba la kushoto. Inafanya kazi leo leo, ndiyo uzuri wake. Ubaya ni kwamba umbali na mwendo wa kitu unausoma vizuri kwa macho mawili, ukifumba moja unakiona kisahani kwa kuchelewa na ukingo wa dunia upande wa kushoto umezimwa, na kwako vile vya kutoka kushoto ndivyo vinavyokutesa. Wengine wanafumba mwishoni tu, macho mawili mpaka kitako kinagusa shavu ndipo wanafumba, na wapo wanaopiga vizuri sana hivyo.

Ya pili, vaa miwani ya kinga (ambayo ni lazima uvae hata bila hili, vipande vya visahani vinaruka) halafu bandika kipande kidogo cha selotepu yenye ukungu kwenye lenzi ya kushoto, pale pale ambapo jicho linaukuta mdomo wa mtutu bunduki ikiwa shavuni, ukubwa kama kitufe cha shati. Usizibe lenzi nzima. Jicho linaendelea kuona pembeni na kusaidia kupima mwendo ila mtutu halioni, basi linaachia kazi jicho la kulia. Kama hamna selotepu, Vaseline kidogo. Bei yake ni kwamba kichwa kikikaa vibaya doa haliko mahali pake, na watu watakuuliza miwani imefanya nini.

Ya tatu ni kuhamia bega la kushoto. Hapa utaniona kichaa lakini nisikilize. Mwaka fulani alikuja kwangu dereva wa lori la mbao, mtu wa Sao Hill, mkono wa kulia kabisa, jicho la kushoto kabisa, alikuwa amepiga miaka saba akiwa na tabia zake zote zimeshaota mizizi, tukamhamisha na alinichukia miezi mitatu. Wewe una Jumapili sita tu, hiyo siyo tabia hiyo ni utambulisho. Anayeanza akihamia upande wa jicho lake wiki tatu nne anajiona mjinga, kitako hakijui kinakokwenda, kidole hakijui triga iko wapi, baadaye inatulia na hana haja ya selotepu maisha yake yote. Angalizo moja, ukienda kushoto angalia bunduki yenyewe, semi otomatiki na pampu nyingi zinatema ganda upande wa kulia, kwa hiyo linapita mbele ya uso wako, siyo hatari kubwa ukiwa na miwani ila inakera. Ya mitutu miwili iliyopandana, ile ya kukunja katikati, haina shida hiyo, ila kitako chake mara nyingi kimepindishwa kidogo kwa ajili ya mtu wa kulia.

Mimi ningekuwa wewe, Jumapili ijayo ningeanza na selotepu kwa sababu ni ya bure na inathibitisha tatizo, kama cha kushoto kwenda kulia kikivunjika hata kimoja tu basi tumejua. Halafu ndipo ningefikiria bega.

Sasa hiyo bluu. Umeandika mkono wa juu, siyo bega, na hilo ni la kuangaliwa maana bunduki haitakiwi kugusa mkono kabisa. Kuna kishimo kati ya mfupa wa mtulinga na kifundo cha bega, ukiinua kiwiko unakisikia kwa vidole, hapo ndipo kitako kinakaa. Bunduki ya mzee mrefu kitako chake ni kirefu, wewe ukiipandisha kisigino cha kitako kinanasa kwenye sweta chini ya kwapa, na Mufindi bila sweta tunajua haiwezekani, basi unaisogeza nje ili ipite na inaishia kwenye msuli wa mkono. Pale hakuna mfupa mpana wa kupokea teke, linaingia lote kwenye nyama. Halafu mwili una akili, baada ya risasi kumi unaanza kuogopa kabla hujafyatua, macho yanafumba, bega linaruka mbele, na hapo hata jicho likiwa sahihi hupati kitu. Wengi wanaosema sina kipaji wana bega lililoogopa tu.

Marekebisho ni haya. Leta kitako shavuni kwanza ndipo begani, siyo bega halafu uinamishe kichwa kukitafuta. Egemea mbele kidogo, uzito mguu wa mbele, kama unasukuma mlango uliokwama. Muulize mzee kama ana bunduki yenye kitako kifupi, au kama ile padi ya mpira ya nyuma inatoka, kwenye nyingi ni skrubu mbili na ukiitoa sentimita mbili zimekwenda, ila kazi hiyo afanye mwenye bunduki au fundi mwenye ruhusa, siyo kijana wa gereji. Na risasi, muombe za gramu 24 badala ya 28. Kwenye bunduki ile ile teke linapungua kama moja ya tano na kisahani hakijui tofauti, gramu 24 ndiyo kiwango cha juu kinachoruhusiwa Olimpiki kwenye trapu na skiti, michezo yao ya kuvunja visahani, na wale wanavunja vitu usivyoamini.

Hapo nimeshamjibu yule rafiki wa risasi nzito. Risasi nzito ingekupa marisau mengi zaidi ya kupita mita nne nyuma ya kisahani, na bega bluu zaidi. Choki nayo, ule ubano wa mdomo wa mtutu, kazi yake ni kuchelewesha wingu kutawanyika. Ukiwa na choki iliyobana mwisho, katika mita 36 hivi karibu asilimia 70 ya marisau yako ndani ya duara la sentimita 76, ukiwa na mtutu usiobanwa ni kama asilimia 40. Kwa mtaalamu anayepiga mbali kubana ni faida, kwa anayeanza na visahani vya mita 20 mpaka 25 ni kujinyima, unachukua kanga na unaikunja iwe leso. Achia choki, muombe mzee aweke ile ya wazi anayotumia kwa sungura (kile kisahani kinachobiringika chini) na uendelee nayo mwaka mzima.

Na yule wa wanawake na picha. Mwaka 1992 kule Barcelona mashindano ya skiti ya Olimpiki yalikuwa wazi kwa wanaume na wanawake pamoja, na dhahabu aliichukua Zhang Shan wa China, alivunja 200 kwa 200 kwenye raundi za kufuzu. Kimberly Rhode wa Marekani amechukua medali kwenye Olimpiki sita mfululizo, 1996 mpaka 2016. Kisahani hakijui nani amekipiga. Mwambie akupige picha yeye.

Kununua bunduki, kwa sasa hapana. Kwanza hatujui utapiga bega gani, utanunua kitako cha kulia halafu mwezi wa tatu uhamie kushoto. Pili silaha Tanzania siyo kitu cha kununua kwa hamu, kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, maombi yanaanzia kwenye serikali ya mtaa au kijiji chako yanapanda mpaka polisi, leseni ni ya mtu kwa jina lake siyo ya nyumba nzima, na lazima uwe na mahali pa kuifungia na kufuli la kweli. Kabla hata ya kuanza ningekwenda kituo cha polisi cha wilaya kuuliza utaratibu wa sasa kwa mdomo wa mhusika mwenyewe. Na hapo hapo nikuombe kitu, muulize mzee wako waziwazi kuhusu kibali cha eneo, cha silaha, na cha wageni kuzitumia. Mwenyeji mzuri hakasiriki kwa swali hilo, anakuonyesha karatasi.

Mambo mengine haraka haraka ila usiyapuuze. Masikio, mlio wa shotigani unapita desibeli 140 na kwa kiwango hicho sikio linaweza kuharibika kwa mlio mmoja, kwa hiyo vizibo au vifuniko muda wote hata ukiwa mtazamaji, na kama usiku baada ya mchezo masikio yanalia nyiii na kesho yake bado, acha kupiga na umuone daktari wa masikio, Iringa au Mbeya wapo. Mikono, marisau ni ya risasi kweli, madini ya risasi, kwa hiyo nawa kwa sabuni kabla hujagusa hindi la kuchoma. Kama una mimba au mnaitafuta, pumzisha mchezo huu mpaka umeongea na daktari wako, kwa ajili ya hayo madini na kwa ajili ya kelele. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, ni baada ya bunduki kufungiwa, siyo kabla na siyo katikati, hata kama ni msimu wake na mzee kaleta mtamu.

Bunduki ikikataa kufyatuka, iache imeelekea bondeni, hesabu mpaka sitini, ndipo ifunguliwe na mwenye nayo. Ikilia mlio mdogo wa ajabu, pwu, simama hapo hapo, kunaweza kuwa na kitu kimebaki ndani ya mtutu na risasi ya pili itaupasua. Na usichanganye mfukoni risasi za namba 12 na za namba 20, ya 20 ni ndogo, inateleza ndani ya mtutu wa 12 na kukwama mbele, huioni, unaweka ya 12 nyuma yake, na hapo mkono wa mbele unakwenda. Ndiyo maana za 20 kwa kawaida hupakwa njano.

Kuna la kwetu huku juu pia. Nyanda hizi tuko juu, Mafinga ni kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kisahani kinaweza kusafiri tofauti kidogo na vitabu vinavyosema. Ukungu ndio kikwazo kikubwa zaidi. Muombe mzee asianze kabla ya saa nne asubuhi, na visahani vya rangi ya chungwa vinaonekana vizuri mbele ya kijani cha chai kuliko vyeusi, vyeusi ni vya angani. Kama mtu hakioni kisahani mapema hata jicho likiwa sahihi anakurupuka.

Lini umtafute mtu ana kwa ana? Kwa mchezo wenyewe, mapema, kama yupo pale mtu anayepiga vizuri muombe asimame nyuma ya bega lako visahani kumi tu asiangalie kisahani aangalie mtutu wako na uso wako, atakuambia kama mtutu unasimama na kama unafumba macho, mambo ambayo mwenyewe huwezi kuyaona. Kwa macho, kama kwenye jaribio la karatasi umegundua jicho moja linaona ukungu, au umekuwa ukiona vitu viwili viwili, au maumivu ya kichwa baada ya kompyuta, hiyo siyo habari ya visahani tena, nenda kliniki ya macho. Na kwa bega, bluu inayopotea ndani ya wiki ni ya kawaida, ila mkono ukifa ganzi, au usiku maumivu yanakuamsha, au huwezi kuinua mkono kuchana nywele, hospitali.

Kwa hiyo hapana usiache. Jumapili ijayo usipige 25 mfululizo, piga kumi, pumzika, kunywa chai, piga kumi, basi. Anza na kituo kimoja, kile rahisi cha kisahani kinachokuja kikikukabili, mpaka shavu na kitako vizoeane. Halafu bandika selotepu, nenda kwenye kile cha kushoto kwenda kulia, muombe mrushaji akuonyeshe kimoja bure ukikitazama tu bila bunduki, na cha pili piga kitanda kimoja mbele yake kama yule msichana wa rede. Uniandikie karatasi imesema jicho gani, soda yangu iwe ya baridi.